Kanuni ya Sita

Nyumba ya kungojea uzazi iliyo nyuma ya hospitali ya wilaya yetu ina vyumba vitatu, vitanda kumi na viwili, jiko la kuni, na karatasi moja iliyobandikwa mlangoni. Karatasi ile niliiandika mimi. Nilipoiandika mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada yangu ikiwa bado ndani ya bahasha ya kaki, na niliamini kwamba jambo likiandikwa vizuri, watu watapona.

Nilimaliza chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1996. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanakuta barua za kazi zinawangoja. Sisi tulikuta serikali inapunguza watu. Baba yangu, mzee Swedi, alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Shirika alilolitumikia Dodoma mjini kwa miaka kumi na tisa lilipata mnunuzi, na mnunuzi hakuhitaji karani wa ghala. Tukaacha nyumba ya kupanga kule Ipagala, tukarudi Chigwedu kwenye nyumba ya babu, baba na redio yake, mimi na bahasha yangu.

Chigwedu ni kijiji cha visima. Misafara ya zamani ilikuwa inapumzika pale kabla ya kuingia nyika kavu, na waliochoka walibaki, wakaoa, wakajenga msikiti. Hao ndio babu zetu. Wanaotuzunguka ni Wagogo, wakulima na wafugaji, na kwa miaka yote hiyo tumeoana nao na kuzikana. Kutoka kwetu hadi hospitali ya wilaya ni kilomita arobaini na mbili, na njiani, si mbali na kijiji, kuna korongo moja pana la mchanga. Kiangazi unalivuka kwa baiskeli huku unapiga mluzi. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanashuka ghafla mekundu kama damu ya ng'ombe, na hakuna daraja. Mtu anakaa ukingoni anangoja.

Wanawake waliokaa ukingoni wakingoja, na wasivuke wakiwa hai, ndio waliomfanya Bi Mwanne aanzishe kamati.

Bi Mwanne alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, fundi cherehani kwenye baraza la duka la mzee Gulamrasul. Alishona sare za shule na magauni ya sikukuu mpaka mitumba ilipoingia, na gauni lililokwishashonwa likawa rahisi kuliko kitambaa. Alikuwa anasema mitumba imempa likizo, na likizo yake ataitumia kwa kazi ya maana. Nilipomwamkia mara ya kwanza baada ya kurudi, aliitikia marahaba, akaniangalia kuanzia kandambili hadi miwani, akaniuliza kama huko chuoni walinifundisha kuandika barua ambayo mkubwa akiisoma hawezi kuiweka chini. Nilisema nitajaribu. Kuanzia siku ile nikawa katibu, na jina langu Lulu likabadilika kuwa Mama Digrii.

Kazi ya kwanza ilikuwa daftari. Tulizunguka kata nne, mimi, Bi Mwanne na Dorkasi, mkulima wa Kigogo aliyejua kila njia ya mkato na kila mbwa mkali. Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine tukiuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza wale watu: nani katika nyumba hii alikufa kwa uzazi, mwaka gani, ilikuwaje. Hospitalini hawakuwa na hesabu ya waliofia njiani, kwa kuwa hawakufika. Kwa mtendaji wa kata kulikuwa na mazishi tu, bila sababu. Kwa hiyo tuliandika sisi. Jina, mwaka, na mstari mmoja au miwili ya kilichotokea. Wakati mwingine mume ndiye aliyesimulia huku anachora chini kwa kijiti. Wakati mwingine mama mtu alianza, akanyamaza, tukakaa naye mpaka jua likageuka. Kwa miaka sita iliyokuwa imepita tulipata marehemu kumi na mmoja.

Nilikuwa nalia nikirudi nyumbani, na asubuhi naandika upya kwa mwandiko safi.

Halmashauri ilikuwa na maneno mengi siku zile. Uchangiaji wa huduma ulikuwa umeingia, kila mgonjwa alipe kidogo. Wajawazito walisamehewa kwenye waraka, lakini wakifika wodini wanaambiwa walete glavu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na mafuta ya taa. Sisi hatukutaka kugombana na kila kitu kwa siku moja. Tuliomba jambo moja. Hospitali itoe uwanja, wanakijiji wafyatue matofali, na mwanamke aliyekaribia siku zake aje alale pale upande wenye daktari, korongo likiwa nyuma yake na si mbele yake. Wagogo wakaipa nyumba ile jina kabla haijajengwa. Waliiita chigonela, mahali pa kulala.

Aliyetukwamisha alikuwa Bwana Kefa, ofisa mipango, mtu mpole asiyependa matatizo. Hakukataa. Kila mara alisema wazo ni zuri sana, halafu anauliza swali lilelile: mkishafungua, mikoa yote ikimiminika hapa na vitanda vyenu kumi na viwili, mtafanyaje? Tulirudi nyumbani na swali hilo mara tatu. Mara ya nne nilikwenda na jibu. Nilikuwa nimejifungia nyumbani siku mbili nikiandika kanuni tisa za nyumba, na ya sita ilisema: *Nyumba itapokea wakazi wa kata nne zilizochangia ujenzi, na kila mama ataonyesha kadi ya kliniki iliyofunguliwa katika kata hizo.*

Bwana Kefa aliisoma mara mbili, akatabasamu, akaniambia sasa tunaelewana. Wiki ile ile tulipewa uwanja. Sijawahi kujivunia sentensi yoyote maishani mwangu kama ile.

Kabla ya kuipeleka niliisomea kamati, kwenye baraza la Gulamrasul, wanawake kumi na wanne wamekaa kwenye mikeka. Dorkasi alisema Kiswahili changu kimevaa tai, wakacheka. Bi Mwanne alikuwa anasoma Kurani vizuri, lakini herufi za serikali zilimchosha macho, kwa hiyo aliniambia nimweleze ile namba sita kwa maneno ya nyumbani.

"Inasema nyumba ni ya watu wa hapa, mama," nilimjibu. "Waliobeba matofali."

"Basi ni haki," akasema, na wenzake wakaitikia kwamba ni haki.

Nyumba ilifunguliwa mwezi wa nane mwaka 1997. Bi Mwanne alishona foronya, mapazia na mifuko ya magodoro, vyote kwa kitambaa cha kijani ambacho Gulamrasul alisema kimemdodea miaka mitatu. Hospitali ilimpanga Dada Priska, muuguzi kijana mwenye sauti ya chini, kuwa msimamizi. Alibandika karatasi yangu mlangoni kwa uji wa sembe, akaipapasa pembe zote nne ishike. Mwezi wa kumi tulikuwa na wanawake saba ndani, na wote saba walirudi kwao na watoto. Niliandika majina yao nyuma ya daftari lile lile, kwa kuanzia ukurasa wa mwisho, nikiwaza kwamba siku moja majina ya nyuma yatakutana na ya mbele na kuyapita.

Mwezi wa kumi na moja Sabiha alikuja nyumbani.

Alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwanne aliyebaki hai. Aliolewa Singida mjini na Hanifu, fundi redio, kijana mwenye adabu mno. Mimba ilikuwa ya kwanza. Ilipotimiza miezi saba Hanifu alimleta kwa basi, akamkabidhi kwa mama mkwe na kilo mbili za mchele na shikamoo nyingi, akalala usiku mmoja kwa jirani, akarudi kazini. Ndivyo inavyofanyika kwetu, kwa Waswahili na kwa Wagogo pia. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Hakuna anayelijadili jambo hilo, kama ambavyo hakuna anayejadili kwamba maiti anaoshwa.

Tulikuwa tumecheza naye pamoja tukiwa wadogo, kila likizo nilipokuja kwa babu. Alikuwa mfupi kuliko mimi, na tumbo lile lilimfanya aonekane kama amebeba mtungi kwa mbele. Alipenda kutafuna udongo wa kichuguu kwa siri, na mama yake akimkuta, yeye anasema ni njugu. Kadi yake ya kliniki ya Singida ilikuwa na wino mwekundu juu: kimo sentimita mia moja arobaini na sita, mimba ya kwanza, ajifungulie hospitali. Alinionyesha akicheka, akasema serikali imempima kama kitambaa na kumkuta amepungua.

"Nitakuwa mteja wako, Mama Digrii," aliniambia. "Unitengee kitanda cha dirishani."

Nilimwahidi. Nakumbuka nilimwahidi.

Mwaka ule mvua haikuwa ya kawaida. Redio ya baba ilisema ni El Nino, na watu wakaanza kuwaita hivyo hata watoto watundu. Lakini katikati ya Desemba kulikuwa na siku chache za jua kali, mchanga wa korongo ukaonekana tena, na Jumatano ya tarehe kumi na saba Bi Mwanne na Sabiha walipanda pikapu ya Gulamrasul iliyokuwa inafuata sabuni na chumvi mjini. Sabiha alikuwa amebakiza kama wiki tatu. Kwenye mkoba walikuwa na khanga nne kuukuu zilizofuliwa hadi kulainika, wembe, pamba, uzi na glavu.

Alasiri ile ile niliona pikapu inarudi na wote wawili wapo ndani.

Bi Mwanne alinifuata moja kwa moja nyumbani. Hakuonekana kukasirika. Alinieleza kwamba kadi ya Sabiha ni ya Singida, kanuni inataka kadi ya kata zetu, na Priska amesema ikipatikana barua ya mtendaji wa kata kuthibitisha kwamba huyu ni wa nyumbani, na kadi mpya ya kliniki ya Chigwedu, mambo yamekwisha. Aliuliza itachukua muda gani. Nilihesabu kwa vidole. Barua naiandika leo. Kliniki ni kila Jumanne. Pikapu inakwenda tena Jumatano.

"Wiki moja tu, mama," nikasema. "Na siku zake bado."

Niliandika barua ile kwa furaha. Nasema kweli, kwa furaha, kwa kuwa niliona nyumba yetu ina utaratibu, kanuni zake zinafuatwa, si kama zile ofisi ambako mlango unafunguka kwa anayejuana na mtu. Nilikwenda nayo kwa Bwana Damas, mtendaji wa kata. Ofisi ilikuwa imefungwa. Jirani yake akaniambia yuko semina Dodoma, semina ya utawala bora, atarudi Jumatatu. Niliikunja barua nikaiweka katikati ya daftari.

Ijumaa mawingu yalirudi. Jumamosi ilinyesha kutwa. Jumapili asubuhi, wakati baba anakunywa chai, Dorkasi alikuja bila kupiga hodi akaniambia Sabiha ameanza uchungu tangu alfajiri ya jana, wamemficha kila mtu wakidhani ni wa kupita, na mtoto hashuki.

Pikapu haikuweza hata kulifikia korongo, ilizama matope mwanzoni mwa njia. Tulikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe wa mume wa Dorkasi. Godoro juu ya mkokoteni lilikuwa na mfuko wa kijani, kipande kilichobaki cha kile kitambaa. Bi Mwanne alikaa amempakata binti yake kichwa mapajani. Mimi nilitembea pembeni nikishika mwavuli ambao haukuzuia kitu. Sabiha alikuwa bado anasema. Aliniuliza kama barua imesainiwa. Nikamwambia hiyo si ya kufikiria sasa. Akasema, "Kama haijasainiwa watatugeuza tena," na uchungu ukamkata maneno.

Tulifika ukingoni kama saa nne asubuhi. Upande wa pili tuliuona vizuri sana. Miti ilikuwa ile ile, barabara ikipanda taratibu kuelekea mjini, mwanamume mmoja na baiskeli yake naye anangoja kuja kwetu. Katikati maji yalikuwa yanapita na matawi na mzoga wa mbuzi. Mume wa Dorkasi aliingia mpaka kiunoni, akarudi. Akaingia tena sehemu nyingine, akarudi. Yule mwenye baiskeli ng'ambo alivua kofia yake akaishika mkononi, na nikachukia kuona hivyo, kwa kuwa Sabiha alikuwa bado hai.

Alikufa baada ya adhuhuri. Mtoto hakutoka. Maji yalipungua jioni ile, watu wakaweza kuvuka.

Tulimzika Sabiha kesho yake na mtoto wake tumboni. Hanifu alifika siku ya tatu kwa miguu kutoka barabara kuu, viatu vimefungwa shingoni, akaambiwa mlangoni. Ramadhani ilianza siku kumi baadaye. Bwana Damas alirudi kutoka semina Jumatatu kama alivyosema, akaja mazikoni, akasikitika kwa dhati. Barua aliyopaswa kuisaini ilikuwa bado ndani ya daftari langu.

Ilikuwa lazima niandike jina la Sabiha daftarini. Nililiahirisha wiki nzima, halafu alasiri moja nikalifungua daftari kutoka mwanzo ili nifike namba kumi na mbili nikiwa nimepita kwa wote. Ndipo nilipoona. Namba tatu, mwaka 1992: *alikuja kwa mama yake kutoka Kilosa, mimba ya kwanza.* Namba nane, mwaka 1995: *alikuja kujifungulia kwao kutoka Itigi, mimba ya kwanza.* Ni mwandiko wangu. Nilikaa kwenye nyumba zile mbili, nikanywa maji yao, nikaandika maneno yale, halafu nikaenda nikaandika kanuni ambayo ingewageuza wote wawili mlangoni. Nyumba iliyojengwa kwa majina ya wale marehemu isingewapokea.

Na wanawake kumi na wanne walioitikia pale barazani kwamba ni haki, kila mmoja wao mtoto wake wa kwanza alimzalia kwa mama yake. Mimi mwenyewe nilizaliwa Chigwedu kwa sababu hiyo, na baba yangu akiwa Dodoma. Tulikuwa tunalijua jambo hili kiasi kwamba hatukuliona. Nilipokuwa naandika nilimwona Bwana Kefa mbele yangu na tabasamu lake, sikumwona msichana yeyote akishuka basi na mkoba.

Nilikwenda kwa Bi Mwanne baada ya tarawehe ya siku ya tano. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila taa, hashoni. Nilimsomea namba tatu na namba nane, nikamwambia kosa ni langu, kwamba nitaacha ukatibu, kwamba sina uso wa kumwangalia. Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akiwangoja wale mama wa kwenye daftari.

"Priska alitaka kumpokea," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile. Alinivuta pembeni, akasema mama mwenyekiti, muache mtoto alale, hiyo kadi tutaitengeneza baadaye, nani ataniuliza? Kitanda kilikuwepo. Cha dirishani." Alishika gurudumu la cherehani. "Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia tukianza na wa kwangu, kesho Kefa atasema si niliwaambia. Nilimshika mwanangu mkono nikamtoa mle ndani, Lulu. Alikuwa ameshavua viatu."

Nje watoto walikuwa wanaimba wakipita nyumba kwa nyumba. Nilipiga magoti nikataka kumshika miguu, akanizuia.

"Kila mtu abebe la kwake," akasema. "Usinibebee la kwangu. Na hilo la kuacha ukatibu sitaki kulisikia. Aliyeandika ndiye atakayefuta."

Baraza la madiwani lilikaa katikati ya Februari, baada ya arobaini ya Sabiha. Diwani wetu aliliingiza jambo letu kwenye ajenda, kati ya ushuru wa mnada wa ng'ombe na ukarabati wa machinjio. Tulikaa kwenye benchi la nyuma, Bi Mwanne, Dorkasi na mimi. Nilikuwa nimeandaa kurasa nne. Nilikuwa na sababu, na mifano ya wilaya nyingine, na makadirio ya wangapi wataongezeka kwa mwaka. Nilikuwa tayari kupambana na Bwana Kefa mpaka jioni, miezi mitatu, mwaka.

Mwenyekiti wa halmashauri aliisoma kanuni ya sita kwa sauti, akauliza nani aliiandika. Nilianza kusimama. Bi Mwanne aliniwekea mkono begani, akasimama yeye.

"Tuliiandika sisi," akasema. "Tulikuwa tunawaogopa ninyi, tukawasahau watoto wetu. Wasichana wetu tunawaoza mbali, na wakiwa na mimba ya kwanza wanarudi nyumbani. Hata wake zenu walirudi kwao. Wakija na kadi ya Singida au ya Kondoa, kanuni inawafukuza. Wa kwangu imeshamfukuza. Naomba mwifute."

Akakaa.

Mwenyekiti aliangalia kulia na kushoto. Akamuuliza Bwana Kefa kama kuna tatizo. Bwana Kefa alivua miwani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hana tatizo, na kwamba mke wake alikwenda kujifungulia Iringa, hakulifikiria. Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono ikanyooka. Akamwambia karani aandike, kisha akasema tuendelee na machinjio.

Haikufika dakika kumi. Kurasa zangu nne zilikuwa bado mapajani.

Tulitoka nje kwenye jua. Dorkasi alikuwa analia bila kujificha. Bi Mwanne alitembea hadi kwenye geti, akasimama akirekebisha mtandio wake kwa muda mrefu, kama mtu aliyesahau njia.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," akasema.

Nilizikunja zile kurasa nne, nikamfuata.

Halmashauri ilipiga chapa kanuni upya. Mpiga chapa alizipanga moja hadi nane, safi, na Bi Mwanne alipoonyeshwa alikataa karatasi. Alitaka ya sita ibaki tupu: tano, halafu nafasi, halafu saba. Mpiga chapa alisema hiyo haipo katika taratibu za ofisi. Nikarudi nyumbani nikaiandika kwa mkono, na Priska akaibandika kwa uji wa sembe, akapapasa pembe zote nne.

Mwezi wa nne, korongo likiwa bado linajaa na kupungua, alikuja msichana mmoja kutoka Kondoa, kadi yake imekunjwa ndani ya leso. Mama yake alikuwa mtu wa kata ya jirani. Mimba ya kwanza. Bi Mwanne na mimi tulikuwa pale, tumeleta mapazia aliyoyafua. Priska alimpokea, akamwonyesha jiko, choo na kitanda cha dirishani. Msichana aliweka mkoba chini, akavua viatu, halafu akarudi mlangoni kuisoma karatasi kwa makini, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama mtu aliyeonywa kwao kwamba mjini kuna masharti. Kidole kilifika kwenye ile nafasi kikasimama.

"Samahani, mama," akamuuliza Bi Mwanne. "Namba sita ni ipi? Nisije nikaivunja bila kujua."

Nilitazama pembeni. Bi Mwanne alikuwa na pazia mkononi, ncha moja imeshaingia kwenye waya. Alimaliza kulivuta mpaka mwisho, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Hiyo haikuhusu, mwanangu," akamwambia. "Nenda kalale."